Siku Niliyompa Mama Mkwe Mgongo

Nasikia nyinyi wapya mmenipa jina. Mzee Macho. Mnasema nikija kuwatembelea nyanjani, hata sasa nimeshastaafu, nasimama mbele ya mgonjwa anayekohoa na kumkodolea macho mpaka maskini atafute pa kujificha. Mmoja wenu, sitamtaja, alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu mzee hana adabu. Nilikuwa nyuma ya gari nafunga boksi la barafu, nikasikia yote. Sikukasirika. Adabu ninayo, tena nilikuwa nayo nyingi kupita kiasi, na adabu hiyo iliua mtoto. Nitawaeleza ilivyokuwa, ila mnivumilie nikirukaruka, maana nikiieleza moja kwa moja sitafika mwisho.

Mimi ni Karisa. Miaka ishirini na kitu nimekuwa mfanyakazi wa nyanjani katika utafiti wa magonjwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza Kisauni, kuanzia Junda hadi Utange. Nilianza na malaria, nikaenda kwenye minyoo, nikafika kwenye homa za watoto, na mwishoni nikawa katika utafiti wa kifua kikuu na kisukari kwa pamoja. Msiniulize kwa nini magonjwa haya mawili yaliwekwa chungu kimoja, mmefundishwa. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, kinga inalegea, na kijidudu cha kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kwenye vyumba vya kupanga, watu sita chini ya bati moja, kikiamka kwa mmoja hakikai kwa mmoja.

Kazi yetu ni ya ajabu ukiitazama vizuri. Daktari akikuchoma sindano unajua anakutibu. Sisi tunaingia kwa mtu ambaye hakutuita, tunamwomba damu, mkojo, makohozi na saa nzima ya maswali, halafu tunaondoka. Miaka ya kwanza watoto wa Junda walikuwa wakinikimbia wakipiga kelele, "Mumiani! Mumiani!" Kuna mama alinitoa mbio na mwiko uliojaa uji moto. Baadaye wakanizoea wakaniita Mzee wa Makohozi, na hilo binti yangu alilichukia zaidi. Aliniomba kabisa nisipite karibu na shule yao nikiwa nimevaa fulana ya kazi.

Hebu niwape kimoja cha kucheka kabla hatujafika kule. Junda kulikuwa na mama muuza kaimati. Nilimkuta jikoni, mikono yote imejaa shira ya sukari, nikamfuta kidole kwa pamba ya spiriti juu juu, nikamtoboa, nikaweka tone la damu kwenye kijimashine. Badala ya namba, mashine ikaandika herufi mbili, kumaanisha sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Nilichanganyikiwa. Nikampandisha bodaboda nikamkimbiza hospitali kabla hajazirai, na yeye njia nzima ananiuliza mbona hajisikii kuumwa. Muuguzi pale akamtazama mikono, akamwambia aende akanawe kwa sabuni, akampima tena. Sukari yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliporudi nyumbani kaimati zimepoa na wateja wameondoka. Kwa muda mrefu sana baada ya hapo, kila akiniona kwa mbali alikuwa akiinua mikono yote miwili na kupaza sauti, "Daktari, nimenawa!"

Basi, sabuni na maji kwanza. Kikauke kidole. Toboa pembeni, si katikati, maana katikati kunauma na mtu huyo kesho ana nguo za kufua. Tone la kwanza lifute. Mambo haya yameandikwa kwenye kitabu chenu, lakini mimi niliyajua kwa aibu ya kaimati.

Aliyenifunza makohozi alikuwa Bi Salma. Alikuwa fundi wa maabara yetu, mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mwembamba, miwani imefungwa uzi, na maneno yake hayakuwa na sukari hata chembe. Maabara ilikuwa Changamwe. Kwa hiyo kila siku vikopo vyangu vilitoka Kisauni, vikavuka kisiwani, vikakwama nyuma ya malori yanayoelekea Kipevu, na mimi nafungua boksi kila dakika kuangalia kama barafu ingali ngumu. Nikifika, Bi Salma hakuniuliza habari za njiani. Alikuwa anainua kikopo kimoja kimoja dirishani, akikitazama kwenye mwanga.

"Haya ni mate, Karisa. Mate ya kulambia stempu. Mimi nataka kilichoko kifuani."

"Mgonjwa alisema hana kingine, Bi Salma."

"Hana, au hukumngoja? Rudi kesho. Nenda kamfunze kukohoa."

Na hapo hapo uani alinionyesha, yeye mwenyewe, mama mtu mzima wa buibui. Sukutua kinywa kwa maji. Vuta pumzi ndefu, ishike, iachie. Vuta ya pili, ishike, iachie. Ya tatu, kohoa kutoka tumboni, mpaka kitu kipande. Nje, si ndani, na wewe unayepokea usimame upande unaotoka upepo. Mate ni mepesi, yana povu, ukitikisa kikopo yanacheza. Makohozi ni mazito, yananata ukutani mwa kikopo, yana rangi ya maziwa au ya usaha. Namba ya mgonjwa iandike kwenye kikopo, usiandike kwenye kifuniko. Hili la kifuniko nililijua siku Bi Salma alipofungua vikopo sita pamoja, na vifuniko vyote sita vyenye namba vikabaki mezani havijui vyao. Nilirudi nyumba sita kuomba radhi na makohozi mapya.

Bi Salma alianza kazi wakati wa darubini. Siku nzima alikuwa akihesabu vijiti vyekundu kwenye rangi ya buluu mpaka macho yakamtoka machozi. Ilipokuja mashine ya katriji, ile inayotoa jibu kwa saa mbili, sisi tulishangilia. Yeye aliisogelea, akaizunguka, akasema, "Nzuri. Lakini haiwezi kuona kisichokuwamo. Ukiipa mate itakwambia huyu mzima." Kisha akanitazama mimi, na akalirudia lile sharti ambalo nyinyi mnalifanyia mzaha. Mwangalie mtu akikohoa. Simama pale, mtazame mpaka amalize. Watu hawakosei tu, wengine wanaficha. Muuza chakula anaogopa wateja. Mpangaji anamwogopa mwenye nyumba. Mama anaogopa mtoto wake atatengwa asichezwe naye. Kila mmoja ana sababu yake, na wala si sababu za kipumbavu.

Sasa tufike Utange.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi Utange, chumba na sebule, akiuza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba. Jina lake sitaliandika. Kwetu Wagiriama, tuliolelewa na wazee wa Kaloleni, mtu hatamki jina la mama mkwe. Humkazii macho. Huli naye sahani moja, huingii anakolala, mkikutana njia nyembamba mmoja anaingia majanini ampishe mwenzake. Na yeye vilevile hatamki lako. Vijana wengi wameyaacha haya. Mwenzangu wa kazi, Mutua, aliyetoka Machakos akahamia Changamwe, yeye na mama mkwe wake wanatumiana vichekesho kwa simu mpaka usiku. Mimi sikuweza. Miaka yote ya ndoa yangu na Kache, kama ungeniuliza mama yake ana macho ya namna gani, nisingekujibu.

Mama huyo alikuwa na kisukari cha siku nyingi. Alikuwa akilea mjukuu, Dama, binti ya mdogo wake Kache aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Dama alikuwa na miaka minne. Walilala kitanda kimoja, bibi na mjukuu, mtoto amejikunja kwenye mgongo wa bibi yake. Aliniita Baba Mkubwa, na kila nikifika alinipekua mifuko akitafuta glavu, maana nilimpulizia moja mara moja ikawa na vidole vitano vya kunyooka akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kikopo kimoja kitupu cha makohozi nilichompa kikiwa safi, anaweka humo shanga. Mchezo wake alioupenda ni kumpelekea bibi kikopo na kumwambia, "Bibi, kohoa."

Na bibi alikuwa anakohoa. Sote tulimsikia. Tulisema ni moshi wa mahamri.

Nyumba za utafiti zilichaguliwa na kompyuta, na ya mama mkwe ikatoka. Sharti lilikuwa wazi, jamaa yako anapimwa na mwenzako. Kwa hiyo alikwenda Mutua. Akarudi na boksi tupu, anafuta jasho.

"Mzae, mathe wa wife yako amenikataa kabisa. Amenipa mahamri matatu, akaniambia niende. Anasema ni wewe ama hakuna mtu."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. 'Nitampa mkwe wangu, simpi mgeni.'"

Niwaambie ukweli, nilivimba kichwa. Mzee kama yule kuniamini mimi. Nikaenda kwa msimamizi wetu, nikamwambia nyumba itatupotea. Akakuna kichwa, akakubali, akanionya nimfanyie kama mtu nisiyemjua. Nikaitikia. Kisha nikampa Mutua kikopo aandike jina na namba, kwa sababu hata kalamu yangu ilikataa jina lile.

Nilifika mapema. Alikuwa ameshamaliza kuuza, sufuria ya mbaazi imeinamishwa ukutani. Dama alikuwa kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kache hajambo? Watoto?"

"Hawajambo, mama."

Yote hayo nayasema nikitazama miguu yangu. Tukaenda nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Nikampima sukari kwanza, kidole tu, sikuinua uso. Ilikuwa juu sana, nikamwandikia karatasi ya kwenda kliniki. Kisha nikaeleza kukohoa. Nilimwelezea leso iliyoanikwa kambani, si yeye. Sukutua, vuta pumzi, ishike. Leso ilinisikiliza vizuri. Kikopo sikumpa mkononi, nilikiweka juu ya kigoda.

Halafu nikageuka. Nikampa mgongo, nikatazama ukuta wa jirani ambao haukupigwa lipu. Nitawezaje kusimama mbele ya mama mkwe atemeteme akinitazama? Nilikuwa na barakoa usoni, na ndani ya barakoa nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka.

Alikohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha kweli, kirefu, kikavuta kutoka mbali. Nikasikia kifuniko kikizungushwa. Nilipogeuka, kikopo kilikuwa juu ya kigoda, kimefungwa vizuri, na yeye ameshika leso mdomoni anatazama kando.

Nikakiinua. Maji matupu. Povu juu. Nilikitikisa kidogo, kikacheza.

Nilijua. Msije mkasema mzee alidanganyika. Baada ya miaka yote ile ya dirisha la Bi Salma, mngeniamsha usingizini mkanionyesha kikopo kile ningewaambia ni mate. Na nilikuwa na vikopo vingine vinne kwenye mkoba. Neno lilikuwa moja tu: "Mama, tafadhali rudia." Nililitafuta neno hilo kinywani nikalikosa. Kumwambia mama mkwe kwamba nimekitazama alichotema, na kwamba naona amenidanganya? Nikasema, "Ahsante, mama." Akasema, "Mulungu akubariki, mwanangu."

Kando ya barabara nikafungua tableti. Nyinyi mnaijua ile. Haikuruhusu kwenda mbele mpaka ujibu. Ikaniuliza: Ulimwona akikohoa? Ukibonyeza Hapana, inakwambia urudie. Nikabonyeza Ndiyo.

Changamwe, Bi Salma akainua kikopo dirishani.

"Haya ni mate."

"Ni mzee, Bi Salma. Kikohozi chake kikavu. Nimemwona kwa macho yangu."

Akashusha kikopo. "N'ambie kweli, Karisa."

"Kweli."

"Wallahi?"

Mimi ni Mkristo, mtoto wa mzee wa kanisa. Nikasema, "Wallahi."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akakipeleka kikopo mashineni. Baada ya saa mbili mashine ikasema alivyotabiri kwamba itasema. Hakuna kifua kikuu. Nyumba ikaandikwa safi.

Mnajua kinachofuata nyumba ikiandikwa si safi. Kila mtoto mdogo aliyemo anachunguzwa, na akionekana mzima anapewa dawa za kinga, vidonge vya kila siku vya kuyeyusha kwenye maji, ili kijidudu alichokivuta kisimwangushe. Dama angepewa. Vidonge vile vilikuwa kwenye kabati la zahanati, karibu na nyumbani kwao kuliko sokoni. Kwa sababu ya kidole changu kwenye neno Ndiyo, hakuna aliyemwandikia. Majibu nilimpelekea bibi mwenyewe, nikayaweka kwenye kigoda kilekile. Alifurahi, akanifungia mahamri kumi kwenye gazeti nimpelekee Kache. Niliyala pia.

Ilipita miezi. Mvua za masika zilianza. Dama akapoteza hamu ya kucheza. Homa inakuja, inaondoka. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi, ijapokuwa yeye hakuwa anakohoa. Nguo zikaanza kumpwaya. Mara ya mwisho nilipofika hakunipekua mifuko. Alikaa mlangoni amekumbatia magoti, nikamwonyesha glavu, akaitazama tu. Hata siku ile, wallahi, niliwaza minyoo.

Kache alinipigia simu nikiwa Junda. Mtoto anatapika, analia kichwa, sasa ameacha kulia analala tu. Nilipofika nilimwinua kichwa kwa kiganja changu, shingo ikaja yote kama ubao. Hapo hapo nilielewa. Kifua kikuu kwa mtoto mdogo hakipendi kukaa kifuani. Kinapanda kwenye utando wa ubongo, na kikifika huko hakingoji.

Tulimpeleka hospitali, upande wa kisiwani. Daktari alikuwa binti mdogo, mchovu, mpole. Akatuuliza swali ambalo mimi mwenyewe nimewauliza watu zaidi ya wote katika maisha yangu:

"Nyumbani kuna mtu yeyote anayekohoa?"

Bibi alikuwa amesimama ukutani, leso kichwani. Kache akasema, "Mama anakohoa, lakini alipimwa. Mume wangu ndiye aliyempima. Ni mzima."

Nikasema, "Hapana. Kipimo kile hakikuwa sahihi."

Kache akageuka akanitazama. Sitaeleza macho yale. Bibi alivuta leso akafunika uso wote, akateremka na ukuta taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Walimwanzishia dawa siku ileile. Walifanya kila walichoweza, na siwezi kumlaumu hata mmoja wao. Alikaa siku tisa. Siku ya sita alifumbua macho, akamtafuta bibi yake, tukafurahi kijinga. Siku ya tisa, asubuhi, watu wanakunywa chai, Dama akafa.

Tulimzika Kaloleni. Mama yake hakuruhusiwa kuondoka kazini huko Uarabuni, kwa hiyo Kache alishika simu juu ya kaburi ili aone. Mtandao wa kule unakatika. Picha ilikuwa inaganda, udongo unaganda hewani, kisha sauti ya yule binti inaingia peke yake inauliza, "Mmeshamfunika? Mmeshamfunika?" Mpaka leo kuna siku nakula, nalisikia swali hilo, nainuka naiacha sahani.

Nilirudi kazini, nikaenda moja kwa moja Changamwe. Nikamwambia Bi Salma kila kitu, mpaka ule ukuta usiopigwa lipu. Nilitaka anitukane. Alivua miwani, akafungua daftari lake, akanionyesha mstari wa siku ile. Kando ya namba ya mama mkwe alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: Mate.

"Niliyaona kwa mato yangu," akasema. "Nikauacha ukweli niliouona, nikashika kiapo chako. Usin'ombe radhi mimi. Keti, uandike ulivyofanya, ukurasa mzima, uupeleke kwa msimamizi. Na usijipunguzie."

Niliandika. Walinitoa kwenye makohozi kwa muda mrefu, na walikuwa na haki. Hawakunifukuza, na mpaka leo sijui kama walinitendea wema au walinipa adhabu. Kache hakusema na mimi mpaka masika yalipokwisha. Siku alipofungua kinywa aliniambia neno hili tu: "Ungemwaibisha mama, angekuchukia mwezi mmoja." Baada ya hapo tuliendelea kuishi, kama mnavyotuona.

Nimewaambia haya kwa sababu nawaona mkifanya kazi haraka na kwa heshima. Mnasalimia vizuri. Mnavua viatu. Mnamgeukia kando mzee akitaka kutema. Watu wanawapenda, na mimi pia nawapenda, na nawaomba mwache hilo la mwisho. Mtu akiwachukia kwa sababu mmemtazama, mwacheni awachukie. Nendeni kesho yake mkamwombe radhi, mkamkute hai, na mtoto wake yuko mlangoni.

Limebaki moja, nalo ndilo sipendi kulisimulia.

Wiki moja baada ya mazishi ilibidi bibi apimwe upya. Alitumwa Mutua, kama sharti linavyotaka. Nilibaki kwenye gari mbele ya nyumba. Haikupita dakika tano Mutua akatoka.

"Mzae, anakuita."

"Mwambie siruhusiwi."

"Nimemwambia. Anasema nishike mimi kikopo, lakini wewe usimame hapo."

Nikaenda nyuma ya nyumba. Kamba ilikuwa haina nguo. Kigoda kilikuwa pale, na juu ya kigoda kikopo cha Dama, kile cha shanga, shanga zimo. Nikainamisha uso kama nilivyozoea.

"Karisa," akasema.

Hakuwa amewahi kulitamka jina langu.

"Karisa, mimi nilikutaka wewe kwa sababu nilijua utageuka. Huyu kijana angeniangalia. Nilikohoa chini, kwenye mchanga, nikafukia kwa mguu. Kwenye kikopo nikatia mate. Niliogopa wakijua nina kifua watanichukulia Dama wampeleke kwa watu. Nilisema, mkwe wangu ana adabu, hataangalia." Alipumzika, pumzi ikimkwaruza. "Adabu yako niliila mimi. Sasa usigeuke. Niangalie."

"Mama, siwezi."

"Niangalie, mwanangu. Mulungu ameshatuona sote wawili, amebaki nani tena?"

Nikainua uso. Macho yake ni ya hudhurungi, la kushoto limeingia ukungu wa sukari. Dama alikuwa na macho yaleyale, nami kumbe nilikuwa nikiyatazama miaka yote bila kujua yametoka kwa nani.

Akasukutua. Akavuta pumzi, akaishika. Ya pili. Ya tatu, akakohoa kutoka tumboni, amejipinda, amemshika Mutua mkono, macho yake hayaniachi. Alitema. Akakohoa tena, akatema. Kilichoingia kwenye kikopo alichoshika Mutua kilikuwa kizito, cha rangi ya usaha, na uzi wa damu ndani yake. Mutua akafunga kifuniko. Hakukuwa na haja ya kumngojea Bi Salma wala mashine.

Alikunywa dawa miezi sita, hakuruka hata siku moja, na amepona. Yuko Utange mpaka leo. Mahamri hauzi tena. Lakini siku ile pale uani hatukuyajua hayo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amepakata kile kikopo cha shanga, anahema. Mutua alikuwa amefungua tableti, amefika kwenye lile swali, kidole kimesimama hewani. Akaisogeza kwangu.

"Jibu wewe, mzae. Ulimwona akikohoa?"

Sikuitazama tableti. Nilikuwa bado namtazama mama mkwe wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Mara hii nimemwona."